Bastola ndogo ndiyo ngumu: jibu kwa anayenunua ya kwanza

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 43, nafunga duka usiku na kurudi nyumbani peke yangu. Nimepata leseni ya kumiliki bastola na kuibeba ikiwa imefichwa, ila sijawahi kununua silaha maishani. Mikono yangu ni midogo, na kidole gumba cha kulia huniuma asubuhi. Muuzaji ananishauri nichukue ile ndogo kabisa ya kuingia mfukoni, anasema ndiyo ya kina mama. Shemeji yangu aliyekuwa askari anasema chochote chini ya risasi nene ya .45 ni kupoteza hela. Rafiki yangu anasema nichukue rivolva, ile ya silinda inayozunguka, kwa sababu haikwami, basi, mjadala uishe. Nyumbani nina mtoto wa miaka 9. Nichukue ipi? Na je, ni vibaya kuibeba kwenye mkoba wangu wa mkononi?

Dada yangu, watu watatu wamekushauri na hakuna aliyeuliza habari za kidole gumba. Muuzaji amekutazama umbo, shemeji amekumbuka jeshi, rafiki amesifia chombo. Mimi nitaanza na mkono wako, kwa sababu bastola inayomfaa anayeanza ni ile anayoimudu: anavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, bila kung'ang'ana, anapiga risasi hamsini bila kukunja uso, na wiki ijayo anatamani kurudi kwenye uwanja wa shabaha. Ukiichukia utaiweka kabatini, na siku ya siku utakuwa mgeni kwayo.

Tuanze na hiyo ya kina mama. Kama kuna kosa moja ninalolirekebisha kila mara, ni kumpa mwenye mkono mdogo bastola ndogo. Linaonekana jambo la busara, kama kiatu kidogo kwa mguu mdogo. Lakini kiatu hakipigi teke. Risasi inapotoka mbele, bastola inasukumwa nyuma kwa msukumo ule ule. Ukipiga risasi ya aina moja kwa bastola mbili, na moja ina nusu ya uzito wa mwenzake, ile nyepesi inarudi kwa kasi mara mbili, na nishati ya teke linalofika kiganjani nayo ni mara mbili. Glock 19, bastola ya ukubwa wa kati, ina gramu 600 hivi ikiwa haina magazini, kile kikasha cha risasi. Ruger LCP, ya mfukoni, ina gramu 270 hivi. Inatumia risasi dhaifu zaidi, .380 (namba hizi hutaja unene wa risasi kwa inchi), na bado wanafunzi wangu huishusha wakijipangusa kiganja.

Uzito si tatizo pekee. Mpini wa bastola ya mfukoni ni mfupi, kwa hiyo kidole cha mwisho, mara nyingine viwili, vinabaki vinaning'inia hewani. Mtutu ni mfupi, na kilengeo cha mbele kimekaribiana na cha nyuma, basi mkono ukicheza kidogo tu risasi inapotea mbali na pale ulipokusudia. Halafu kuna springi, ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa. Slaidi ya bastola ndogo ni nyepesi na ina safari fupi, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuweka springi ngumu ili kuidhibiti. Ndiyo maana utakuta bastola ndogo inayokataa kufunguka mkononi mwa mama mwenye kidole kinachouma, na jirani yake kubwa inafunguka kama droo. Baadhi ya bastola za .380 zina shida ya ziada: mtutu haujifungi na slaidi, kinachozuia mlipuko ni uzito wa slaidi na nguvu ya springi peke yake. Hizo zinaweza kuwa ngumu kuvuta na kali kupiga kuliko bastola nzuri ya milimita 9, ingawa risasi yake ni dhaifu.

Kuna mwanafunzi mmoja simsahau. Alikuja na bastola ndogo aliyozawadiwa. Risasi ya kwanza ilitoka, ganda likakwama likiwa limesimama wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la moshi. Tukalitoa. Risasi ya pili, hivyo hivyo. Akadhani kauziwa kimeo. Nikaichukua mimi, nikapiga sita, hakuna shida. Tofauti ilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Slaidi inahitaji kurudi nyuma huku sehemu ya chini ikiwa imeshikiliwa imara. Mkono ukilegea na kurudi pamoja nayo, slaidi haifiki mwisho wa safari yake na ganda halirushwi nje. Bastola nzito inamsamehe mtu kwa kosa hilo kwa sababu uzito wake wenyewe unaishikilia. Nyepesi haisamehe. Kwa hiyo ile ndogo kabisa ni chombo cha mtu aliyekwisha kujua, na ndiyo wanayopewa wasiojua.

Sasa shemeji. Mwambie nimemheshimu, ila habari yake imepitwa na wakati. Mwaka 1986 maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili jijini Miami, maafisa wawili wakauawa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba risasi moja ya milimita 9 iliyompata jambazi mapema haikuzama vya kutosha. Kutokana na hapo FBI waliweka kipimo: risasi izame kati ya sentimita 30 na 45 katika jelatini inayofanana na misuli. Wakahamia risasi kubwa zaidi, kwanza milimita 10, baadaye .40 iliyotoka mwaka 1990. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9. Vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa hadi tofauti ya matokeo ikawa ndogo mno, na maafisa wengi walilenga vizuri na haraka zaidi kwa risasi yenye teke dogo, huku magazini ikibeba nyingi zaidi.

Na lile wazo kwamba .45 inamrusha mtu nyuma, liache kwenye sinema. Kama risasi ingekuwa na msukumo wa kumrusha anayepigwa, ungemrusha na anayepiga. Bastola ya aina yoyote ni silaha dhaifu ukilinganisha na bunduki ndefu. Kinachoamua ni mahali risasi ilipoingia na kina ilichofika. Mtu anaweza kupigwa na asijue kwa sekunde kadhaa. Ndiyo sababu nakuchagulia milimita 9, ambayo utaipata kwa urahisi na utaimudu. Kama kidole kitakataa kabisa, .380 katika bastola ya ukubwa wa kati ni njia ya heshima. Mwaka 2018 kampuni ya Smith & Wesson walitoa moja, Shield EZ, iliyotengenezwa makusudi kwa mikono isiyo na nguvu: slaidi laini, magazini yenye kitufe cha kukusaidia kuingiza risasi. Baadaye wakatoa ya milimita 9 pia. Shika zote mbili.

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Rivolva haina slaidi ya kuvuta wala magazini ya kuharibika. Risasi ikikataa kulipuka unavuta kifyatulio tena, silinda inazunguka na kuleta nyingine. Lakini angalia gharama yake. Rivolva ndogo kama Smith & Wesson 642 ina gramu 400 na kitu, inabeba risasi tano, na kifyatulio chake kinadai nguvu ya kilo tano hivi kila unapovuta. Fikiria unavuta kilo tano kwa kidole kimoja kwenye kitu cha chini ya nusu kilo, bila kukitikisa. Bastola nyingi za kisasa zinadai kama nusu ya hiyo. Halafu hilo neno “haikwami” si la kweli. Katika rivolva nyepesi sana, teke linaweza kuvuta kichwa cha risasi ambayo bado haijapigwa kikatokeza mbele na kuzuia silinda isizunguke. Ganda linaweza kunasa chini ya nyota ya kutolea maganda, kile chuma kinachoyasukuma nje. Hutokea mara chache, ila yakitokea mara nyingi huyamalizi kwa mkono mtupu. Mimi ningekupa rivolva kama ungekuwa huwezi kabisa kuvuta slaidi na kidole chako cha shahada kina nguvu. Kwa maelezo yako, sidhani umefika huko.

Kuhusu kuvuta slaidi, kabla hujajihukumu kuwa huna nguvu, jaribu namna hii, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa na watu wawili. Wengi wanaibana slaidi kwa gumba na kidole cha shahada, kama mtu anayechukua chumvi. Hapo ndipo gumba linapolia. Wewe ilete karibu na kifua, mtutu ukielekea upande salama. Funika slaidi kwa kiganja chote cha kushoto kutoka juu, vidole vinne upande mmoja na nyama ya kiganja upande wa pili. Mkono wa kulia usukume bastola mbele kwa nguvu huku wa kushoto ukivuta nyuma, halafu achia ghafla, usiisindikize. Unatumia mabega na mgongo, kidole gumba kimepumzika. Nimeona bibi wa miaka zaidi ya sabini akifungua hivyo bastola ambayo muuzaji alimwambia haiwezi.

Ukiwa dukani, usiulize ipi inauzwa sana. Ishike. Uwazi kati ya gumba na kidole cha shahada uingie juu kabisa ya mpini, chini tu ya slaidi. Mtutu uwe mwendelezo wa mfupa wa mkono wako, usipinde kiwiko kwenda pembeni. Sasa peleka kidole kwenye kifyatulio. Kikifika kwa nyama ya pingili ya kwanza bila wewe kuzungusha bastola mkononi, mpini unakufaa. Kikigusa kwa ncha ya ukucha tu, mpini ni mnene. Hapa ndipo mkono mdogo unapohitaji kuzingatiwa, kwenye unene wa mpini na umbali wa kifyatulio, hata kama bastola yenyewe ni ndefu. Baadhi ya bastola zina migongo ya mpini ya kubadilisha, omba iliyo nyembamba. Ukitaka majina ya kuanzia, shika Glock 19 na risasi zake 15, kisha Glock 43X, ambayo ni nyembamba na inabeba 10, kisha SIG P365, iliyotoka mwaka 2018 na kubadilisha mawazo ya watu kuhusu idadi ya risasi zinazoweza kuingia kwenye bastola ndogo. Hiyo ya mwisho ni ndogo, mtutu wa milimita 79, kwa hiyo ipige kabla ya kuipenda.

Na kuipiga ndilo sharti langu kuu. Usinunue bastola ambayo hujapiga nayo angalau risasi hamsini, kwa kuazima au kukodi uwanjani. Bandika karatasi ya ukubwa wa ukurasa wa daftari, simama mita 5, piga polepole. Usinitajie mduara wa katikati. Niambie risasi ya arobaini ilikuwaje. Ukianza kufumba macho kabla ya mlio, au kiganja kinawaka, bastola hiyo si yako. Masikio yafunikwe kila mara, kwa sababu mlio wa bastola hupita desibeli 150 na mlipuko mmoja tu unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana mabaki ya mlipuko yana madini ya risasi, yaani ledi, ambayo ni sumu, na hayo yanamhusu zaidi mwenye mtoto nyumbani.

Usimalize hela zote kwenye bastola. Nimeona watu wananunua ya kifahari kisha wanaibeba kwenye ala, yaani mfuko wa bastola, ya kitambaa laini. Ala nzuri ni ngumu, imefunika kifyatulio chote, inaishika bastola hata ukiigeuza chini juu, na mdomo wake unabaki wazi bastola ikitoka. Mkanda nao uwe mgumu. Ajali nyingi za wabebaji hutokea wakati wa kuirudisha bastola kwenye ala. Mwanafunzi wangu aliwahi kuirudisha haraka huku kamba ya koti lake imeingia ndani ya ala. Nilimshika mkono, tukatazama pamoja: fundo la kamba lilikuwa limekaa juu ya kifyatulio kama kidole cha mtu wa pili. Alikaa kwenye benchi dakika kumi bila kusema. Tangu siku hiyo nafundisha kwamba kuchomoa kunaweza kuwa na haraka, kurudisha hakuna haraka hata siku moja. Simama, sogeza nguo, tazama, ndipo uingize.

Risasi za kubebea, kama sheria ya kwenu inaruhusu, ziwe zile zinazochanua zikiingia mwilini. Watu huziona kuwa za kikatili kwa sababu Azimio la Hague la mwaka 1899 lilizipiga marufuku vitani. Kwa anayejilinda kati ya watu hesabu ni nyingine: risasi inayochanua ina uwezekano mdogo wa kupita ikatoka upande wa pili na kumpata asiyehusika. Jaribu angalau magazini kadhaa za risasi hizo hizo katika bastola yako hiyo hiyo kabla ya kuziamini.

Sasa mtoto. Juu ya kabati si mahali pa kuhifadhia silaha, wala chini ya godoro, wala hapo unapodhani hajui. Mtoto wa miaka 9 anajua. Ana nguvu za kutosha kuvuta kifyatulio. Bastola iwe mwilini mwako ndani ya ala, au iwe ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwenye ukuta au sakafu. Hakuna nafasi ya tatu. Sefu ndogo zenye namba za kubonyeza hufunguka kwa sekunde chache, kwa hiyo usiniambie kuhusu haraka.

Nisikufiche lingine, hata kama si ulilouliza. Silaha ikiingia nyumbani, hatari ya mtu wa nyumba hiyo kujiua inapanda. Tafiti nyingi zimekuta hivyo, na sababu yake si ngumu: anayejaribu kujiua kwa bastola mara nyingi hapati nafasi ya pili. Kama wewe au yeyote unayeishi naye anapita kwenye msongo mzito, huzuni isiyoisha, ulevi au ugomvi wa ndoa wenye vitisho, ahirisha ununuzi na umwone daktari au mshauri kwanza. Ukiwa tayari unayo, iondoe nyumbani kwa muda, kwa njia ambayo sheria inakubali. Sitakuona mwoga, na mwanafunzi wangu yeyote aliyewahi kuniletea jambo hilo sikumwuliza swali la pili.

Pia tazama duka lenyewe. Kutofunga saa ile ile kila siku, kutobeba mauzo ya siku nzima mwilini, taa mlangoni, mtu wa kutoka naye: haya hufanya kazi kila usiku, bastola hufanya kazi katika dakika moja ambayo tunaomba isifike. Leseni ya kubeba haikupi ruhusa ya kufyatua. Sheria za nchi nyingi huuliza kama maisha yalikuwa hatarini wakati ule ule, kama hukuwa na njia nyingine, na kama nguvu uliyotumia ililingana na tishio. Mwizi anayekimbia na fedha zako, mwache aende. Tafuta wakili anayejua kesi za kujihami akueleze sheria ya kwenu kwa saa moja, kabla hujaanza kubeba.

Kwenye mkoba, jibu langu ni hapana, na nina sababu tatu. Mkoba ndicho kitu cha kwanza anachonyakua mwizi, kwa hiyo utakuwa umempa silaha pamoja na simu. Pili, unauweka chini, kwenye kiti, kwenye kaunta, na mtoto anaingiza mkono kutafuta peremende. Tatu ni muda. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alichapisha kipimo chake kwamba mtu mwenye kisu anamaliza mita 6 na kidogo kwa sekunde moja na nusu. Jaribu kufungua zipu ya mkoba wako kwa muda huo. Ukiwa na siku ambayo mavazi hayaruhusu kabisa, upo mkoba wenye chumba chake maalumu cha bastola na ala ngumu ndani, na hautoki begani, wala funguo na kalamu haziingii humo. Siku nyingine zote, kiunoni.

Kabla ya kununua chochote, mpeleke huyo kidole gumba kwa daktari. Kama ni ugonjwa wa viungo, teke la kila wiki linaweza kuuzidisha, na pengine tutakufundisha kupiga kwa mkono wa kushoto. Halafu tafuta mwalimu wa ana kwa ana, wewe na yeye mkiwa wawili, si darasa la watu ishirini. Nenda umevaa nguo zile zile unazofungia duka, na mkanda ule ule. Mwambie habari ya gumba kabla hajakukabidhi kitu. Akianza kukuchagulia bastola kabla ya kutazama mkono wako, tafuta mwingine.